Uliza Umbali Kwanza, Ndipo Uulize Saa
Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga waliponena kwamba majuto ni mjukuu, mwishowe huja kinyume, hawakuwa wakipiga domo. Kwetu nyumbani yalikuja kinyume kweli, na safari hii mjukuu mwenyewe alikuwa mimi. Msomaji mpendwa, kabla hujafunua ukurasa kukimbilia vitendawili na vichekesho (najua wengi wenu huanzia huko), nipe dakika chache. Nataka kukueleza ni kwa nini siku hizi mtu akiniambia ndege fulani inaingia saa fulani, swali langu la kwanza huwa hili: imetoka umbali gani?

Muhula uliopita chama chetu kilijadili hoja isemayo, "Saa ya Kiswahili imepitwa na wakati na ifutwe." Mliokuwapo ukumbini mnakumbuka zile vurumai. Msemaji mmoja wa upande wa kuunga mkono, kijana mwenye ulimi wa upanga na rafiki yangu mkubwa, alieleza jinsi mzee mmoja alivyosoma 10:55 kwenye ujumbe wa tiketi ya ndege. Mzee akasema, "Saa kumi na dakika hamsini na tano, jioni basi," hali mgeni alikuwa anatua saa tano kasoro asubuhi. "Ah, hii saa ya Kiswahili ni ya kizamani, bwana! Itatupotezea wageni wetu!" Ukumbi mzima ukavunjika mbavu, na hata walimu wawili watatu walifunika midomo. Kura zilipopigwa, hoja ikapita.

Mimi nilikuwa upande wa kupinga, na sikucheka. Wala sikusimama kujibu, ingawa mwenyekiti alinipa nafasi mara mbili. Mzee yule ni babangu. Kisa kile nilikuwa nimemsimulia rafiki yangu bwenini usiku mmoja baada ya taa kuzimwa, lakini nilimsimulia nusu tu. Nusu ile nyingine ilinishinda kuisema kwa mdomo. Leo naileta kwa maandishi.

Ilikuwa likizo ya Disemba. Nyanya, yaani mamake mama, alikuwa amelazwa hospitalini huko Machakos kwa juma la pili. Mjomba wangu, kitindamimba wake, anaishi New York na hakuwa amekanyaga nyumbani kwa miaka tisa. Alipopata habari alikata tiketi ya ndege ya moja kwa moja, akatutumia ujumbe mfupi: ninaondoka New York Jumatano 12:25, ninafika Nairobi Alhamisi 10:55, tafadhali msinikose.

Baba alivaa miwani akasoma hivyo mlivyosikia. "Saa kumi na dakika hamsini na tano. Jioni. Tutatoka hapa saa nane."

Nilicheka. Nikamwambia, "La, Baba, hiyo ni saa ya Kizungu. Kwetu sisi ni saa tano kasoro dakika tano." Baba hakuona haya, alinipokeza simu, akasema, "Wewe ndiye uliye shuleni. Hebu tupigie hesabu."

Lau ningalinyamaza hapo! Lakini muhula huo nilikuwa nimepata tisa kwa kumi katika jaribio la longitudo na saa, na kichwa kilikuwa kimevimba kama andazi. Nikawaketisha wazazi wangu kwenye kiti kama wanafunzi. Nikawaeleza kwamba dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kila saa, na kwamba mwezi wa Disemba New York iko nyuma yetu kwa saa nane. Yote hayo ni kweli tupu. Kisha nikamalizia: "Kwa hivyo hiyo saa tano kasoro dakika tano ni saa ya kule kwao. Tukiongeza nane, mjomba atatua hapa saa moja kasoro dakika tano jioni."

Mama aliuliza, "Si tupige simu tuulize watu wa ndege?" Nikamwambia hakuna haja.

Wenye kujua wamekwisha kuona nilipoteleza. Tiketi ya ndege huandika saa ya kuondoka kwa saa ya mahali unapoondokea, na saa ya kufika kwa saa ya mahali unapofikia. Ile 10:55 ilikuwa saa ya Nairobi tangu mwanzo. Mimi niliichukua saa yetu wenyewe nikaijaza saa nane nyingine, kama mpishi atiaye chumvi kwenye mchuzi uliokwisha kutiwa.

Mjomba alitua asubuhi ile kama tiketi ilivyosema, akatoka nje na sanduku lake. Simu yake ilikuwa imekwisha moto njiani. Chaja yake ya Marekani ikakataa kuingia katika soketi zetu za matundu matatu, na nambari zetu zote zilikuwa ndani ya simu hiyo hiyo. Alijua Nyanya yuko Machakos, lakini hospitali gani hakujua. Alihofia pia kwamba akikodi gari tutapishana njiani. Basi akangoja. Sisi tulifika saa kumi na mbili na nusu jioni, tena tukijipongeza kwamba tumewahi! Tulimkuta ameketi juu ya sanduku, koti begani, macho mekundu. Hakutugombeza. Aliuliza tu, "Mama yuko aje?"

Tulipofika Machakos ilikuwa yapata saa tatu usiku na saa za kuwaona wagonjwa zilikuwa zimepita. Muuguzi wa zamu, Mungu ambariki, alimruhusu mjomba achungulie kutoka mlangoni. Nyanya alikuwa amelala. Mama mdogo aliyeshinda naye alitueleza kwamba mchana kutwa alikuwa macho, ameinuliwa akaketi, akazungumza vizuri kuliko siku zote za juma hilo. Adhuhuri aliuliza, "Hajafika?" Saa kumi akauliza tena. Mama mdogo alimwambia kama kuna neno ampe yeye atalifikisha. Nyanya akasema hapana, atamngoja mwenyewe.

Ijumaa asubuhi mjomba aliingia. Nyanya alimtazama, akamshika kidole, lakini kauli ilikuwa imekwenda. Jumapili alifariki.

Sasa mnajua kwa nini sikucheka ukumbini. Tena angalieni jambo moja ambalo rafiki yangu hakulijua. Kosa la Baba, lile mlilolichekea, lingetufikisha Embakasi kabla ya saa kumi, na mjomba angeingia wodini jioni ile Nyanya akiwa bado macho. Lililotuponza ni kosa la msomi.

Nimelifikiria jambo hili kwa miezi mingi, na nimefikia uamuzi kwamba sikukosea kwa sababu ya saa. Nilikosea kwa sababu sikuwa na habari ya umbali. Nilishika saa mbili zilizoandikwa kwenye ujumbe nikazichezea kama tarakimu za mtihani, bila kujiuliza hata mara moja kwamba kuna chombo cha chuma kinachopaswa kupita angani baina ya saa hizo, na kwamba chombo hicho kina mwendo wake.

Hebu tuupime basi. Nendeni chumba cha Jiografia mkachukue tufe la dunia na uzi. Tufe la shule lenye kipenyo cha sentimita 30 lina mzingo wa sentimita 94 hivi, na mzingo wa dunia ni kama kilomita 40,000, kwa hivyo kila sentimita ya uzi ni kilomita 425. Shika ncha moja Nairobi, vuta uzi mpaka ukaze, peleka ncha ya pili New York. Utapata karibu sentimita 28, ambazo ni kama kilomita 11,900. Wenye kupiga hesabu kamili kwa latitudo na longitudo za viwanja vyenyewe, Jomo Kenyatta na John F. Kennedy, hupata takriban kilomita 11,840. Kwa uzi wa kushonea, si haba!

Tazameni pia uzi umepita wapi. Wengi wetu tukiulizwa njia ya kwenda New York hutazama ramani ya ukutani, tukapiga mstari kwa rula. Mstari huo hupita Nigeria na Mali, ukaiacha Afrika kwenye pwani ya Mauritania. Uzi wa tufe hauna habari na rula yenu. Wenyewe unaondoka Nairobi ukielekea kaskazini-magharibi, unapita Sudan Kusini, Chad na Algeria, na nusu kamili ya safari huiangukia Moroko, karibu na mji wa Marrakech. Mwalimu wetu alipotuonyesha tulidhani uzi umeteleza. Kumbe ramani ndiyo inayotudanganya, maanake dunia ni duara nayo imelazimishwa kulala kwenye karatasi. Njia fupi ya duniani huonekana imepinda kwenye ramani, na ile inayoonekana imenyooka huwa ndefu. Rubani naye haufuati uzi neno kwa neno. Hukwepa dhoruba na anga za nchi zenye vita. Lakini uzi ndio msingi wake.

Haya, umbali tumeupata. Ndege kubwa ya abiria ya siku hizi ikishakwea hewani huenda kama kilomita 900 kwa saa. Gawanya 11,840 kwa 900 utapata saa 13 na kidogo. Ongeza muda wa kujikokota uwanjani, wa kupanda na wa kushuka, pamoja na mizunguko ya hapa na pale. Safari basi haiwezi kuwa chini ya saa 13 wala haina sababu ya kuzidi sana 15. Hesabu hii mtu anaweza kuifanya kwa kidole mchangani.

Sasa turudi kwenye ujumbe wa mjomba. Aliondoka 12:25 ya New York, ambayo kwetu tungesema saa sita na dakika ishirini na tano mchana. Wakati huo hapa Nairobi ilikuwa saa mbili na dakika ishirini na tano usiku. Ongeza saa 14 na nusu za angani: saa tano kasoro dakika tano asubuhi, barabara! Na ile hesabu yangu ya kutua saa moja kasoro dakika tano jioni? Kutoka saa mbili na dakika ishirini na tano usiku hadi hapo ni saa 22 na nusu. Ndege ikae hewani saa 22 na nusu kwa kilomita 11,840! Safari ya Singapore hadi New York, ambayo ni miongoni mwa ndefu kabisa za abiria ulimwenguni, ina zaidi ya kilomita 15,300 nayo haifiki saa 19. Ningalijua hilo tu ningaligutuka. Ningalisema, "Ngoja, Baba, hapa pana walakini," na Mama angepiga simu yake.

Kuna mtego mwingine ambao umewanasa wengi. Mjomba aliporudi, tiketi yake ilisema anaondoka Nairobi 23:25 na kufika New York 06:25 kesho yake. Binamu yangu wa darasa la saba akapiga vidole akashangaa: "Saa saba tu! Kumbe Marekani ni karibu!" Ukigawanya 11,840 kwa saba unapata kilomita 1,690 kwa saa, mwendo unaoupita wa sauti, na hakuna ndege ya abiria iendayo hivyo leo. Halafu ukitazama safari ya kuja, 12:25 hadi 10:55 ya kesho yake, unapata saa 22 na nusu, kana kwamba ndege ile ile iliyokwenda kama risasi imerudi ikichechemea. Hapo mwenye akili hujua kwamba saa za tiketi hazitolewi moja kutoka kwa nyingine hivi hivi.

Lakini nimegundua ujanja mmoja, na ninajivunia kidogo kwa sababu sikufundishwa na mtu. Chukua zile saa saba za kwenda, ujumlishe na saa 22 na nusu za kurudi, upate 29 na nusu. Gawanya kwa mbili: saa 14 na dakika 45. Ndio wastani wa kweli wa safari! Tofauti ya saa za miji miwili inakupunja ukienda na kukuzidishia ukirudi, kwa hivyo ukizijumlisha safari zote mbili inajifuta yenyewe. Huna haja hata ya kujua tofauti hiyo ni saa ngapi. Nilimwonyesha mwalimu wa Hisabati, akatabasamu, akaniambia nimthibitishie kwa herufi badala ya tarakimu. Bado namdai jibu, au tuseme yeye ndiye anidaiye.

Mtauliza, mbona kwenda ni saa 15 na kuja ni 14 na nusu, ilhali umbali ni mmoja? Ni upepo. Juu kule zinakopita ndege, hasa baharini Atlantiki, huvuma pepo kali kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayetoka New York husukumwa mgongoni, na aendaye huko hukabiliana nazo uso kwa uso. Mabaharia wetu wa pwani walilijua jambo hili kabla ndege haijabuniwa. Jahazi lilikuja na kaskazi na kurejea na kusi, na nahodha wa zamani ukimwuliza Lamu hadi Maskati ni mwendo gani, angekuuliza kwanza unataka kwenda mwezi gani.

Na tofauti ya saa yenyewe si jiwe. Kwa longitudo, viwanja hivi viwili vimeachana kwa nyuzi 110 na dakika 43, na kwa kuwa kila nyuzi ni dakika nne, jua linachelewa kufika New York kwa saa 7 na dakika 23. Hakuna mtu avaaye saa ya dakika 23, kwa hivyo serikali hukadiria. Sisi hatubadilishi saa zetu mwaka mzima. Wao huzisogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ndiyo sababu tofauti ni saa nane Disemba na saa saba Julai. Aliyekariri "nane" bila kuuliza ni mwezi gani, naye yuko safarini kuja kuketi nami kwenye benchi la majuto.

Kuna wasemao, "Ah, umbali ni wa kazi gani, muulize tu mtu wa ndege." Swadakta, muulize, mimi sikuuliza. Lakini nao msidhani kilomita pekee zitawatosha. Nairobi hadi London ni kama kilomita 6,840, na London hadi New York ni 5,540. Jumla ni 12,380. Anayepitia London anaongeza kilomita 540 tu juu ya uzi wetu, sawa na ndege ya dakika arobaini. Lakini mwulizeni aliyepita njia hiyo, alale kwenye kiti akisubiri ndege ya pili, akaguliwe viatu tena, kama alipoteza dakika arobaini! Ukipitia Dubai, kilomita zinakuwa zaidi ya 14,500, maanake umeanza kwa kwenda mashariki ili ufike magharibi. Kwa hivyo swali la umbali lina mwenzake: ni umbali wa kupitia wapi?

Swali hilo si la juzi. Septemba 1959, vijana 81 wa Kenya waliondoka kwenda kusoma Marekani katika mpango uliosimamiwa na Tom Mboya. Walitua New York katika uwanja ule ule alikopandia mjomba, wakati huo ukiitwa Idlewild. Mwaka uliofuata, wakfu wa familia ya Kennedy ulichangia dola 100,000 ili wengine wasafirishwe, na uwanja wenyewe ukaja kupewa jina la Kennedy Disemba 1963, mwezi mmoja baada ya kuuawa kwake. Wetu nao, uliofunguliwa Embakasi 1958, ukaja kuitwa Jomo Kenyatta. Viwanja viwili vya marais wawili, na baina yao hapakuwa na ndege ya ratiba iendayo moja kwa moja mpaka Kenya Airways ilipoanzisha safari hiyo tarehe 28 Oktoba 2018. Ilibidi kwanza Marekani iidhinishe usimamizi wetu wa usalama wa anga, idhini iliyopatikana Februari 2017. Miaka 59 ilipita tangu vijana wale 81, na kwa muda huo wote kilomita hazikupungua hata moja. Kilichopungua ni vituo.

Narudi sasa kwenye ile hoja yetu iliyopita kwa vicheko. Saa ya Kiswahili haikuchelewesha mtu. Saa yetu huanza kuhesabu jua linapochomoza, na hapa ikweta jua halina hila. Nairobi halichezi zaidi ya nusu saa hivi mwaka mzima. Ni saa iliyokatwa kwa kipimo cha mwili wetu. Mpelekee mtu wa New York utamtesa bure, kwa sababu jua lake la Juni huchomoza karibu saa mbili kabla ya lile la Disemba. Kila saa ina kwao. Anayepanda ndege huvuka kutoka kwao mmoja hadi kwao mwingine, na awe anahesabu kwa Kiswahili au kwa Kizungu, asipojua amekaa hewani muda gani atapotea tu. Mimi nilipotea nikihesabu kwa Kizungu fasaha!

Ndiyo maana naona hoja ile irudishwe mezani muhula ujao, nami naahidi kusimama. Na nina ombi kwa walimu wetu wa Jiografia, kwa heshima na taadhima. Katika jaribio tulipewa mji A ulioko longitudo fulani na mji B ulioko longitudo fulani, ikiwa A ni saa sita, B ni saa ngapi? Tulijibu, tukapata alama, tukasahau. Hakuna aliyewahi kutupa tiketi. Tupeni tiketi, ya kwenda na ya kurudi, mtuulize ndege ilikaa hewani muda gani na jibu hilo linaelekea kuwa kweli au la. Chama nacho kibandike kwenye ubao wa matangazo karatasi moja tu, kwa Kiswahili, yenye umbali wa kutoka Nairobi hadi miji ambako jamaa zetu wako, pamoja na saa za angani. Sisi bwenini tu, nyumba zisizo na mtu ng'ambo nadhani hazifiki nusu. Uzi na tufe vipo, mimi niko tayari kupima.

Mjomba aliondoka baada ya mazishi. Alipanda ndege ya saa tano na dakika ishirini na tano usiku, na safari hii hesabu niliifanya mara tatu, kisha Mama akapiga simu kuuliza. Saa 15 tangu hapo ni saa nane na dakika ishirini na tano mchana wa kesho yake, saa zetu. Nilikaa kwenye ngazi na simu ya Baba mkononi tangu saa nane kamili. Ujumbe uliingia saa tisa kasoro dakika ishirini: Nimefika, huku ndiyo kwanza kunapambazuka, mwambie mama yako.